Kigoda cha Bi Tatu: Miaka Yangu Miwili ya Kuchapa Wosia

Kitu cha kwanza nilichofanya kazini ni kujirithisha jogoo wa watu. Nakitaja mwenyewe mapema, Method, maana ukikaa kwenye kile kigoda siku mbili tu wateja watakusimulia, na kila anayesimulia anamwongezea yule jogoo kilo.

Ilikuwa hivi. Siku yangu ya tatu kwenye kibanda cha Bi Tatu alikuja Mzee Laurent kutoka Simbo kuandikisha wosia. Mzee hajui kusoma. Bi Tatu akamsikiliza, akaandika maneno yake kwa mkono, akanipa nichape. Nikachapa shamba la mihogo, nikachapa michikichi, nikachapa mbuzi sita, na nilipofika mwisho nikaona karatasi ina nafasi imebaki bure. Nikaongeza: "Na jogoo wangu mwekundu namwachia kijana mtanashati aliyechapa karatasi hii." Nilitaka tu kujua kama kuna mtu anasoma. Shuleni niliwahi kuandika katikati ya insha kwamba mwalimu akifika hapa apige mluzi, na mpaka leo sijasikia mluzi.

Bi Tatu hakusoma kimoyomoyo. Alimketisha Mzee Laurent na mashahidi wake wanne kwenye benchi, akasimama, akasoma kwa sauti neno moja baada ya jingine kama anayesoma somo kanisani, na yeye ni Mwislamu. Alipofika kwenye jogoo sauti haikupanda wala haikushuka.

Mzee Laurent akainua mkono. "Ngoja kwanza. Jogoo mwekundu?"

"Ndivyo ilivyoandikwa," Bi Tatu akasema.

Mzee akafikiri sana. "Yule tulimla Pasaka."

Mashahidi wakacheka mpaka mmoja akaangusha fimbo yake. Bi Tatu hakucheka. Aliichana ile karatasi ikawa vipande vinne, akaniondoa kwenye kompyuta, akaniweka mbele ya taipureta yake ya zamani. "Kompyuta inakusamehe upesi mno," akasema. "Hii haisamehi." Ukikosea herufi moja unaanza karatasi upya. Nilianza upya mara tisa. Mzee Laurent alikula muhogo wa kuchoma, akalala, akaamka, akaniuliza kama shule yetu ina walimu.

Nilipomaliza, Bi Tatu akaniambia maneno ambayo wewe nakupa bure, mimi nilipewa kwa vidole kuvimba. "Deo, barua nyingine ikikosewa, mwenyewe anarudi kukutukana. Hii siku ikifunguliwa, mwenyewe hayupo kusema sivyo. Wewe ndiye mdomo wake. Unataka kumtia jogoo mdomoni?"

Jioni ile alimpigia mama simu, akamweleza yote. Mama anashona nguo pale Mwanga. Nilifika nyumbani nikiwa nimevaa suruali mbili, moja juu ya nyingine, kwa tahadhari. Mama akakata uzi kwa meno, akaendelea kushona. Hakusema kitu. Hakusema kesho yake, hakusema mwezi uliofuata. Method, mama yangu huwa hakawizi neno. Kimya kile kilinitesa kuliko taipureta.

Basi, Ijumaa iliyopita nimestaafu. Nina miaka kumi na saba, mtihani wa kidato cha nne unanisubiri, na Bi Tatu amesema wewe binamu yangu ndiye utakayekalia kigoda likizo hii. Habari za vyeo sitaziandika: nilianza kazi nikiitwa "wewe", nikamaliza nikiitwa "wewe Deo". Mshahara nao tuuache ulale. Nitakuandikia yale ambayo hutaambiwa.

Kibanda unakijua, kinatazamana na mahakama ya mwanzo hapa Ujiji. Nje kimeandikwa kopi, picha za pasipoti na barua za aina zote. Neno wosia halimo kwenye kibao. Bi Tatu anasema wenye haja nao hawafuati kibao, wanaelekezwa na mtu aliyewahi kuona ndugu wakirushiana viti msibani. Alikuwa karani wa mahakama ileile kwa muda mrefu sana, na amekaa kwenye mirathi mingi mpaka akichungulia tu watu wanaoingia anajua nani kaja na nani hasemeshani na nani. Mimi nilidhani ni bibi wa kutoa kopi. Nilikaa wiki nzima nikimwambia "usijali, bibi, kompyuta nitakufundisha". Alinivumilia. Kumbe neno la siri la ile kompyuta alikuwa amebadilisha yeye, kwa sababu la kwanza nililikisia nikaingia.

Zana ni chache. Kalamu ya wino wa bluu, kamwe si penseli, maana penseli inafutika na ndugu wana raba. Pedi ya wino kwa wasiojua kuandika. Kitambaa na kipande cha sabuni ya magadi. Hivi viwili nilivicheka mpaka alipokuja mama mmoja mkamua mawese. Dole gumba lake lilikuwa limeloa mafuta ya miaka mingi, ukilibonyeza kwenye karatasi linatoka doa la kahawia, huoni mstari hata mmoja. Bi Tatu alimwosha lile dole kwa sabuni, akalikausha, akalipuliza kama anampuliza mtoto aliyeungua, ndipo akalibonyeza taratibu kutoka upande mmoja hadi mwingine. Alama ikatoka safi mpaka kovu la kisu likaonekana. Yule mama akaitazama, akasema, "Mimi huyo?" Bi Tatu akamjibu, "Wewe huyo, mama. Hakuna mwingine." Nilijifanya natafuta karatasi chini ya meza kwa muda.

Lakini zana yake kubwa ni maswali matatu, na hayaulizi mpaka awatoe wote nje. Watoto nje, mume nje, hata mchungaji nje. Mimi nabaki kwa sababu, kwa maneno yake, nahesabika pamoja na mashine. La kwanza: nani amekutuma? La pili: una nini, na ni chako kweli? La tatu: siku karatasi hii ikisomwa, nani atakasirika? Akijibiwa "hakuna", anafunga daftari na kusema, "Kafikiri tena, mzee wangu, urudi Jumatatu." Akitajiwa mtu, ndipo anaanza kazi, na anaanza na huyohuyo. Kama ananyimwa, sababu inaandikwa. Anasema mtu akisoma sababu anaweza kukasirika, lakini asipoikuta anaitunga yeye mwenyewe.

Waislamu wenzake huwapeleka kwanza kwa shehe, akiwakumbusha kwamba wosia wao hauvuki theluthi, na theluthi yenyewe si ya warithi, maana wao fungu lao limeshapangwa. Wengine anawaambia mambo ya mashahidi, na hapa Method simama usome mara mbili kwa sababu ndipo mimi nilipoanguka. Anayejua kusoma na kuandika, mashahidi wawili wanatosha, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje. Asiyejua, wanne: wawili wa ukoo, wawili wa nje. Wote wawe wanajua kusoma na kuandika. Asiwemo anayeachiwa kitu. Na wote wawepo pamoja, kwa wakati mmoja, wakimwona mwenyewe akiweka dole na wakionana wao kwa wao wakitia saini. Sasa hili la mwisho kwetu sisi watu wa ziwa ni gumu kuliko unavyodhani. Hapa mtu mzima akisema ana safari, anatangulizwa. Anapewa chakula wa kwanza, anasaini wa kwanza, anaaga. Ni adabu tu. Na adabu hiyo karibu imnyang'anye mtu nyumba.

Bibi Bukuru alikuwa wa Mwamgongo, kule mbele ya Gombe, ambako unafika kwa boti. Hakuzaa. Alimlea Esta tangu Esta hajaota meno, mtoto wa rafiki yake aliyefariki, na wakati huo Esta alikuwa na mtoto wake wakikaa kwenye nyumba ya Bibi pale Bangwe. Bibi alikuwa anapelekwa Mwanza kupasuliwa tumbo, na hakuwa na hakika ya kurudi. Alijibu maswali ya Bi Tatu kama aliyekuwa ameyasubiri maisha yake yote. Nani amekutuma? "Tumbo." Una nini? "Nyumba moja." Nani atakasirika? "Kaloli, mtoto wa kaka yangu. Ila huyo mtumbwi na mashine yake nilimnunulia mimi. Ameshakula fungu lake, na bado ana njaa."

Bi Tatu akaandika hayo kwa lugha ya heshima kidogo, na nyumba akaandikiwa Esta. Esta alikuwa hana damu ya Bibi hata tone. Bila karatasi ile, siku ya msiba angeambiwa afungashe. Ndicho kilichokuwa mezani pale: mlango wa nyumba, na nani atakuwa na ufunguo.

Shahidi wa kwanza wa ukoo alikuwa Mzee Yuda, kaka yake Bibi, baba mzazi wa huyo Kaloli. Wa pili alikuwa mpwa wao, mwalimu. Wa nje walikuwa mwenyekiti wa mtaa na jirani mmoja. Siku ilipofika Mzee Yuda akaja mapema na gunia lake, wengine wakachelewa. Bi Tatu alikuwa amekwenda nyumbani kuswali adhuhuri, wosia umeshachapwa, upo mezani. Mzee akatazama saa ya ukutani. "Mwana wanje," akaniita mwanangu kwa Kiha, "boti ya Mwamgongo inaondoka Kibirizi saa nane. Mnaniweka hapa kama dagaa juani."

Nikaona aibu. Mzee mzima, ametoka mbali. Nikachukua kalamu ya bluu. "Babu, wewe saini hapa kabisa, uwahi. Wengine wakija watamalizia."

Akasaini, akanishukuru, akanibariki mpaka wajukuu, akapanda bodaboda. Nikajiona meneja.

Bi Tatu aliporudi aliwakuta Bibi na mashahidi watatu kwenye benchi. Akahesabu. Akaitazama karatasi, akaiona saini inakauka. "Yuda yuko wapi?"

"Nimemrahisishia, Bi Tatu."

Hakunipigia kelele. Aliichana ile karatasi vipande vinne. "Bibi anaondoka alfajiri," akasema. "Kamlete."

Nilifika Kibirizi boti imeshasukumwa majini, mashine inakohoa. Mzee Yuda yumo, gunia mapajani, kati ya watu wengi na magodoro na kreti za soda. Hapa nilipaswa kusema kweli: babu, nimekosea, rudi. Lakini boti ilikuwa na wasichana wawili wa shule yetu. Nikapaza sauti: "Babu! Umesahau simu!"

Mzee Yuda akaingiza mkono mfukoni, akaitoa, akaionyesha boti nzima. "Hii hapa."

"Ile nyingine!"

"Sina nyingine."

"Huyo kijana ana simu ya kugawa," mama mmoja akasema. "Mwambie mimi nimesahau mbili!"

Nikaingia majini na viatu vya shule mpaka maji yakafika kifuani, nikashika ukingo wa boti, nikamnong'oneza: "Babu, nilikusainisha peke yako, haifai kitu, Esta atafukuzwa." Akaniangalia kwa muda ambao nahodha alitukana mara mbili. Kisha akanitwika gunia kichwani, akashuka. Lilikuwa gunia la chumvi. Sikuliachia lizame, na hilo ndilo jambo pekee la busara nililofanya siku ile.

Kibandani tukaanza upya. Bi Tatu alisoma yote kwa sauti, tarehe mpaka tarehe. Akamuuliza Bibi, "Ni maneno yako?" Bibi akajibu, "Ni yangu, na yule Kaloli umemsema kwa upole kuliko mimi." Dole likaoshwa, likabonyezwa. Wanne wakasaini wakitazamana. Vile vipande vya karatasi ya kwanza Bi Tatu aliviokota, akavitia kwenye bahasha, akaandika juu yake tarehe na maneno haya: "Haitumiki. Shahidi mmoja alisaini peke yake. Kosa la Deo." Nikamuuliza kwa nini anatunza takataka. Akasema, "Takataka zenye saini hazitupwi."

Bibi Bukuru alipona ule upasuaji, akarudi, akaishi mpaka maharage ya msimu ule yakavunwa. Akafariki nyumbani kwake Bangwe, Esta amemshika mkono. Kabla arobaini haijaisha Kaloli akapeleka pingamizi mahakamani.

Nilikwenda kusikiliza nikiwa natafuna karanga, maana nilijua wosia wetu ni mzuri. Kaloli akasimama. Si mjinga yule. "Mheshimiwa, baba yangu alisaini karatasi akaondoka. Boti nzima walimsikia akisema ameshasaini. Halafu kijana wa pale kibandani akamfuata mpaka majini, akamdanganya kwamba amesahau simu. Baba alikuwa na simu mkononi! Kwa nini aitwe kwa uongo, kama si kwenda kushawishiwa?"

Na akaleta mashahidi wawili wa boti. Yule mama wa simu mbili alikuwa mmoja wao. Walisema kweli tupu. Nikarudisha karanga mfukoni. Esta alikuwa benchi la mbele, mtoto wake mgongoni, na niliona bega lake likishuka. Mzee Yuda alijieleza vizuri, lakini Kaloli akasema baba amezeeka, anachanganya siku. Bi Tatu akatoa bahasha, Kaloli akasema kuchana karatasi na kuandika juu ya bahasha kila mtu anaweza, hata leo asubuhi.

Bi Tatu akageuka akanitazama. Hakunikonyeza, hakuniita. Alinitazama tu kama anavyowatazama wale anaowaambia warudi Jumatatu. Nikainua mkono.

Hakimu akaniapisha, akauliza, "Wewe ndiye uliyemsainisha mzee huyu peke yake?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Uliagizwa na nani?"

"Hakuna. Niliona anachelewa boti. Sikujua kazi yangu."

"Na simu?"

"Hapakuwa na simu. Nilitunga."

"Kwa nini hukumwambia ukweli?"

"Niliona aibu, mheshimiwa. Kulikuwa na watu wengi."

Hakimu akazungusha macho chumba kizima, madirishani wamejaa. "Na hapa hakuna watu?"

"Hapa wapo zaidi, mheshimiwa."

Watu wakacheka, na mimi nikaendelea huku wanacheka, maana nilijua nikisimama sitaanza tena. Nikaeleza nilivyoshika ukingo wa boti na nilichomnong'oneza mzee. Nikaeleza nani alikaa wapi kwenye benchi, nani alisaini baada ya nani, Bibi alisema nini kuhusu Kaloli. Hakimu akamwita mwalimu, kisha mwenyekiti, kisha jirani, mmoja mmoja, maana walikuwa wamewekwa nje tangu kesi ianze, akawauliza yaleyale. Kwa maelezo ya kila mmoja watu walikaa kwenye benchi lilelile, kwa mpangilio uleule, na wote wakayakumbuka yale maneno ya Bibi kwamba Kaloli amesemwa kwa upole. Mwalimu akaongeza kwamba kijana alikuwa ameloa maji mpaka kifuani, amelowanisha sakafu, na Bi Tatu alimpa kitambaa cha kufutia madole ajifute.

Wosia ukasimama. Esta akawa msimamizi wa mirathi kama Bibi alivyotaka, na nyumba yake akabaki nayo. Nje Kaloli alisimama peke yake karibu na baiskeli za watu. Mzee Yuda akamwendea, nikasogea nisikie ugomvi. Mzee akasema tu, "Nibebee hili gunia, twende tusikose boti." Kaloli akalibeba.

Nikamuuliza Bi Tatu kwa nini hakunisukuma nisimame, wakati alijua mimi ndiye niliyekuwa na jibu. Akasema, "Ningekuita, Kaloli angesema nimekufundisha." Method, mimi nimekutana na walimu wengi, na wengi wao nimewaigiza mbele ya darasa mpaka watu wakalia kwa kucheka. Bi Tatu sijawahi kumwigiza. Nimejaribu ile sauti yake ya kusomea wosia, peke yangu chumbani. Haiigiziki. Ukijaribu, unajikuta unasoma vizuri.

Mama alikuwepo siku ile mahakamani. Nilimwona dirishani, tepu ya kupimia ikiwa bado shingoni. Tulirudi nyumbani pamoja, na habari za jogoo bado hakuzitaja.

Ijumaa ilikuwa siku yangu ya mwisho. Nilikuwa nafuta taipureta vumbi, nikijiandaa kutoa hotuba fupi kwa Bi Tatu, mama akaingia kibandani akiwa amevaa kitenge chake cha harusi. Nyuma yake walikuwa watatu: dada yake, mchungaji msaidizi wa kwetu, na jirani yetu. Wakaketi kwenye benchi. Bi Tatu akafungua droo, akatoa karatasi iliyokwisha kuchapwa, safi, bila kosa, na kumbe alikuwa ameichapa mwenyewe kwa taipureta. Nikavuta kigoda nisogee mezani, nikaandaa kalamu ya bluu, nikaweka na uso wa kazi.

Mama akanitazama, kwa mara ya kwanza tangu siku ya Mzee Laurent akakaribia kucheka, akasema:

"Toka nje, Deo, wewe ni mrithi. Na usijivune, nimekuachia jogoo."